Kisu cha Mjomba Rashidi na Halbadiri Yako

Soko la Chikongola,
S.L.P. 418,
Mtwara.
3 Novemba, 1998

Mpendwa kaka Kassimu,

Pokea salamu zangu. Nazitanguliza kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, si kwa sababu unazistahili. Natumaini baridi ya Arusha haijakuingia mifupani. Kama imekuingia, basi ni baridi tu, usimtafute mchawi huku Mtwara. Sisi wazima. Mama yako, mama mkubwa Somoe, goti la kushoto linamsumbua lakini sokoni anakwenda na kurudi kwa miguu yake. Shemeji yako Abdallah amerudi kutoka dago, huko mdomoni mwa Ruvuma walikopiga kambi mchangani wakivua na kukausha samaki, amekuwa mweusi kama chungu. Korosho zimeanza kudondoka. Hayo ndiyo mazuri niliyokuwa nayo, na yameisha.

Barua yako imefika. Ukurasa wa kwanza mimi ni mwizi wa kisu cha marehemu mjomba Rashidi. Ukurasa wa pili mimi ni dada yako mpendwa mwenye meza ya vyombo vya chuma sokoni, nikuchagulie visu vya bei nafuu, visivyo vya kukunja, vya wageni wako wa utalii kutumia kambini na porini. Ulipokuwa unageuza karatasi ulifanya nini, kaka? Ulikunywa maji?

Naanza na wizi.

Siku ya arobaini ya mjomba, watu walipokuwa uani wanakula pilau, wewe uliingia chumbani kwake ukatoka na kanzu umeikunja kwapani. Kanzu haina ncha. Ile ilikuwa na ncha. Nilikuona, nikanyamaza, kwa kuwa nilijua kilichomo ndani yake, na nikaona anayekipenda aende nacho salama.

Kisu kile chenye mpini wa mpingo, uliochongwa watu wamepandana mabegani, alikitengeneza rafiki yake mjomba, mchonga vinyago, ili akiuze kwa wageni. Mgeni aliyekuja kutafuta mapambo akakikataa hata kama pambo. Ndipo mjomba akapewa, akakitundika ukutani, na sikumwona akikatia hata kamba. Mchongaji yule alijua mpingo. Chuma hakukijua. Bapa alilikata kwenye ukanda wa pipa.

Sasa unanieleza kwamba ulikipigilia kwenye gogo mbele ya wageni ili wajionee urithi wa ukoo wetu, bapa likabaki kwenye gogo na wewe ukabaki na watu wa mpingo mkononi, na mzungu mmoja akapiga picha. Sehemu hiyo nimeisoma mara mbili, kisha nikamsomea na Abdallah. Halafu ukahitimisha kwamba Saida alichomoa chuma cha kweli akapachika cha uongo. Kaka, ningekuwa na ufundi wa kubadilisha chuma ndani ya mpini wa mpingo bila kuupasua, nisingekuwa nimekaa Chikongola nakula vumbi.

Tuje kwenye visu vyako. Sikuuzii. Sitaki siku kimoja kikipotea niandikiwe tena ukurasa wa kwanza. Lakini wageni hawajanikosea, kwa hiyo nitakueleza namna ya kuchagua, nawe uvitafute huko huko Arusha.

Mimi sikusomea visu. Ninakaa nyuma ya meza tu. Anayenunua hunisifia kisu. Anayekirudisha ndiye hunieleza kisu ni nini. Basi haya ninayokuandikia ni matusi niliyotukanwa na wateja, nimeyapanga vizuri.

Ukikishika kisu dukani, usitazame makali. Makali yanaweza kutengenezwa hata na wewe. Kigeuze utazame mwisho wa mpini. Chuma kinatakiwa kiingie mpinini mpaka mwisho, ukione kwa nyuma au pembeni, kimebanwa kwa misumari. Muuzaji akikuapia kwamba kimo ndani ila hakionekani, mrudishie kisu chake na umwambie hela yako nayo imo ndani ila haionekani.

Vipo vile vyenye mpini mtupu kama bomba, juu wamefunga dira, ndani wametia ndoana na njiti za kiberiti. Vinapendwa na vijana wanaotoka kutazama video. Najua utavitamani, kwa hiyo nakuzuia mapema. Mpini mtupu hukatika pale pale unapokutana na bapa, na dira haijawahi kukata kuni. Yale meno ya msumeno mgongoni nayo ni ya kukuchania begi.

Bapa kwa urefu lisizidi sana upana wa kiganja chako. Likizidi hapo umenunua panga, na panga kambini hamkosi. Mgongo uwe mnene, ili ukiweka makali juu ya ukuni na kuugonga mgongo kwa kipande cha mti, ukuni upasuke, si kisu. Narudia kwa faida yako: kinachogongwa ni mgongo. Kisu hakipigiliwi kwenye gogo kama shoka.

Chuma cheusi kinachoshika kutu usikidharau. Kinanoleka kwa jiwe lolote la mtoni, na ukikifuta na kukipaka mafuta ya nazi kinatulia. Cheupe hakishiki kutu, na kwa watu wa maji ya chumvi hilo ni jambo jema, ila vingi vya bei nafuu ni laini mno. Dukani vinang'aa kama kioo, porini vinageuka vijiko. Mpini uwe wa mti wa kawaida, au hata mpira, ilimradi ujae mkononi. Mpingo ukilowa damu ya samaki huteleza kama sabuni.

Halafu ala yake. Kitie kisu ndani, kipindue, kitikise. Kikidondoka hapo dukani, siku nyingine kitadondokea paja la mgeni, na mgeni yule hatasoma halbadiri. Ataleta wakili.

Sasa nisikilize vizuri. Kisu chenye sifa zote hizo, kibaya cha sura, mgongo mnene, kilichofuliwa na mhunzi kutokana na springi ya lori, mpini umezungushiwa tyubu ya baiskeli, ulikishika mkononi siku ile ile ya arobaini. Ulikiokota kwenye ungo wa muhogo ukamenyea chungwa. Kisha ukakitupa, ukasema kinanuka ngisi. Kilikuwa na haki ya kunuka ngisi. Ndicho mjomba alichokwenda nacho dago umri wake wote: kilimkatia miti ya kibanda, kilimpasulia kuni na kumtengenezea samaki, na jioni alikitumia kuchokonolea mwiba mguuni. Ndicho unachokitafuta.

Na hakikuibwa. Aliporudi kutoka dago lake la mwisho, mkono umeshaanza kutetemeka, alikitoa mbele yetu, mimi na Abdallah, akampa dada yake mkubwa. Akasema, "Dada, kaa nacho wewe. Mimi sasa kitanikata." Dada yake mkubwa ni nani, sina haja ya kukutajia. Ndiye aliyekuzaa.

Umeniandikia kwamba kwetu mpwa ndiye anayemrithi mjomba, na kwamba wewe ndiwe mpwa mkubwa. Ni kweli kabisa. Lakini mpwa anarithi kilichobaki. Hiki hakikubaki, kilitolewa na mkono uliokuwa hai.

Kwa hiyo tufike kwenye halbadiri yako. Unasema mwezi wa Shaabani ukiandama, sheikh wa huko atakaa na wenzake wasome, na yeyote aliye na kisu cha mjomba Rashidi atavimba tumbo mpaka akitaje. Umeandika "yeyote aliye na kisu". Nimelitazama neno hilo nikatamani uwe umekosea kuandika, lakini mwandiko wako mahali hapo ni mzuri sana.

Kaka, halbadiri haina bahasha. Huiandikii jina na sanduku la posta. Kule Naliendele mtu alipotelewa na sufuria kubwa ya shughuli, akaenda kusomesha kwa hasira. Aliyevimba mguu ni mama mkwe wake, ambaye alikuwa ameiazima bila kuaga. Wengine walisema ni matende tu, alikuwa nayo tangu zamani. Wengine walisema vingine. Mimi sijui kisomo kile kinamtafuta mwizi au kinamtafuta mwenye kisu. Sikusoma hayo. Wewe unajua? Sheikh wako amekuhakikishia?

Nilitaka mama mkubwa asijue. Lakini aliona bahasha, akakaa kwenye mkeka na ungo wake wa muhogo, akaniambia nimsomee mwanawe anasemaje. Nikamsomea salamu, nikaruka, nikamsomea habari za mvua ya Arusha. Akanikatiza. "Saida, umeruka. Karatasi ina maneno mengi kuliko mdomo wako."

Nikasoma yote. Abdallah akatoka nje, akajifanya anatazama nyavu. Mama yako hakuacha kumenya. Alimenya muhogo mzima mpaka mwisho, na unajua alikuwa anamenyea nini. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayeagiza chumvi dukani, "Mwandikie asimsumbue sheikh wa watu. Aje asomee hapa, kwenye mkeka huu. Mimi nitaitikia amina, kisha tutazamane nani anavimba."

Abdallah alicheka huko nje. Mimi pia nilicheka, nikasema huyo ndiye mama mkubwa ninayemjua. Siku ile sikuwa na mpango wa kukujibu. Nilikuwa tayari kukuacha usomeshe mpaka sauti za masheikh zikauke.

Lakini asubuhi yake alikuja mezani kwangu na goti lake, akaniomba kisu chochote cha kuazima. Nikamuuliza kile chake kimekuwaje. Akasema kimekuwa butu. Nikamwambia nipe nikunolee, akasema acha tu.

Kaka, kisu kile hakijawahi kuwa butu. Nilipokwenda kwake nilikikuta kimefungwa kwenye kanga kuukuu, kimewekwa juu ya kabati, mahali mkono wake usipofika kwa urahisi. Mama yako sasa anamenya muhogo kwa kisu changu chenye mpini wa plastiki, kinachonikera hata kukiuza, na akishika tumbo baada ya kula ananitazama kuona kama nimemwona.

Ndiyo maana nimeandika. Barua hii nampa Stefano, karani wa bandarini, anayekwenda likizo kwao Moshi, na nimemwagiza apitilize mpaka Arusha akukabidhi mkononi, asikuachie mlinzi wa getini. Ukishaisoma nenda kwa huyo sheikh kabla mwezi haujaandama, umwambie kisu kimeonekana. Usimwambie kilikuwa wapi. Aibu hiyo ibaki kwetu. Kisha panda basi uje. Kisu hicho utakiomba kwa mwenyewe, kwa mdomo wako, ukiwa umekaa chini. Akikupa, nitakushonea ala bure. Akikunyima, utammenyea muhogo na utanyamaza.

Wifi Sabra msalimie sana, mwambie nampa pole, mwenyewe anajua ya nini. Wanao wabusu. Abdallah anakusalimu, na anaomba ile picha aliyopiga mzungu, kama ipo. Mama anakusalimu pia. Aliniambia niandike kwamba muhogo upo. Mwenyezi Mungu akuongoze njiani, akupitishe salama Rufiji, na akupe ulimi mzuri kuliko kalamu yako.

Ndimi dada yako ninayekupenda bado, ingawa kwa kujilazimisha,

Saida