Nitatia Uso Tu

Baba Shabani,

Usianze kuniuliza salamu iko wapi. Unajua siku zote nikiwa na jambo moyoni naanza na jambo, salamu inafuata nyuma kwa miguu yake.

Nakuandikia kwa sababu makaburini siwezi kuja. Eda imenikalisha ndani, miezi yangu minne na siku kumi, nguo nyeupe, mafuta yasiyonukia, na mlango ule pale nautazama kama mbuzi aliyefungwa kamba. Basi nimechukua daftari la wajukuu nimekaa mkekani. Mwandiko wangu unaujua, ni ule ule wa darasa la nne la Kalinzi, herufi zimelala kama migomba iliyopigwa na upepo. Utasoma hivyo hivyo. Kazi huna.

Nyumbani hatujambo. Shabani alikaa mpaka arobaini yako ikapita, akarudi kwake Mpanda, akamwacha mjukuu wako Zuhura hapa anitazame. Ananitazama kweli. Nikikohoa tu ameshafika na kikombe. Jogoo wako bado analala juu ya ile injini mbovu pale uani, tukimfukuza anarudi. Kiti chako hajakikalia mtu. Alikuja jirani mmoja akataka kukikalia, nikamwambia mguu mmoja ni mbovu. Si mbovu.

Boti haijauzwa. Zuhura ndiye anaiendesha sasa. Ndiyo, mtoto wa kike. Wazee pale ufukweni walimwambia, "Binti, hii kazi ina wenyewe." Akawajibu, "Mwenyewe kafa, shikamooni," akavuta kamba, injini ikalia. Nilipoletewa habari hiyo nilimgombeza kwa kukosa adabu, halafu nikaingia chumbani nikacheka peke yangu. Nilitaka kukugeukia nikwambie. Upande wako wa kitanda nimeweka nguo za kukunja, usione nimekusahau, ni kwamba pale patupu pananisumbua.

Sasa jambo lenyewe.

Wale wageni wako wa kuzamia, wale marafiki wa Dar na Arusha uliokuwa unapanga nao safari kwenye simu, kuja kukaa wiki nzima hapa kwetu kuzama na mitungi ya hewa mgongoni kutazama samaki, hawakuacha. Zuhura alipowapa habari ya msiba walilia kwenye simu, kisha wakasema watakuja vile vile, kwa heshima ya Mzee. Wakatanguliza wawili kuja kupanga, msichana anaitwa Lilian na kijana mmoja wa kujaa mlango, Denis. Wakakaa uani na Zuhura. Mimi nyuma ya pazia, maana Denis si mwanangu wala ndugu yangu, na eda ni eda. Lakini masikio hayakai eda.

Yewe, Baba Shabani, watu wanapanga! Sisi tulikuwa tunakwenda Ilagala kwenye arusi na kanga mbili na kuku mmoja. Hawa wanapanga mpaka nani atalala karibu na choo. Lilian anasoma kwenye simu, mwenzetu mmoja anataka chumba chenye bwawa la kuogelea. Sikuvumilia. Nikasema kutoka ndani, "Anaacha ziwa lote hilo anatafuta dimbwi?"

Denis akashtuka. Akauliza kwa sauti ya chini, "Nani huyo?"

Zuhura akamjibu, "Bibi yangu. Endelea tu, pazia limefungwa."

Wakaendelea. Mwingine hali nyama wala samaki. Nikauliza, "Kwa hiyo anakuja kuwatazama tu?" Lilian akasema, "Ndiyo Bibi, anawapenda samaki." Nikamwambia hata mimi nawapenda, hasa migebuka, kwa mawese, na ugali wa muhogo. Denis akauliza habari za mamba. Nikamwambia mamba ana macho, na yeye kwa mwili ule akae katikati ya wenzake. Akacheka mpaka kiti kikalia. Kijana mzuri. Ungempenda. Anakula.

Halafu wakafika kwenye tarehe.

Lilian alitaja tarehe, kwamba likizo zao zote zinakutana hapo tu. Zuhura akasema sawa, maji yatakuwa bado meupe, mvua hazijayatibua. Hakuna aliyegeuza shingo kutazama pazia. Ile tarehe iko ndani ya eda yangu, Baba Shabani. Imekaa katikati kabisa, kama jiwe kwenye mchele.

Unakumbuka ulivyoniambia? Kwenye kiti chako, unakatakata kucha. Miaka yote ulinisihi niingie botini nikaone unachokiona kule nyuma ya rasi ya Bangwe, kwenye miamba, na miaka yote nilikukatalia. Mimi ni mtu wa milimani. Nimezaliwa kwenye kahawa, maji kwetu yanafika magotini yakizidi ni balaa. Sijutii. Kuogopa nilikuwa na haki. Lakini safari hii ukasema, "Mama Shabani, kundi hili linakuja na watu wa kila namna, hata waoga. Utakaa mbele, nitakuvalisha miwani ya kuzamia, utatia uso tu. Mwili utabaki kwenye boti." Nami nikasema, "Haya." Nilisema haya! Ulishangaa mpaka ukajikata kidole.

Halafu ukaenda zako. Swala ya alasiri ilikuwa ndiyo kwanza umemaliza. Ile "haya" yangu ukaniachia mkononi.

Zuhura hakuyajua hayo, hatukumwambia mtu. Ningesema neno moja kutoka nyuma ya pazia, "Nisubirini," wangetafuta tarehe nyingine, najua. Sikusema. Mimi niwaombe watoto? Badala yake niliwagombeza habari ya chumvi. Niligombeza mitungi inayowekwa juani. Niligombeza viatu vyao mlangoni. Zuhura akasema, "Leo Bibi ana nini?"

Siku moja kabla ya safari, kundi lote limeshafika, Zuhura akaja chumbani. Miwani ya mgeni mmoja imevunjika kwenye basi. "Bibi, nipe ile ya Babu, nitairudisha."

Nikamwambia hapana.

"Imekaa bure tu, Bibi."

"Na mimi nimekaa bure, nipeleke basi."

Alidhani natania. Akaenda kuazima kwingine.

Sababu sikumpa. Wewe unaijua miwani yako. Kila ulipotaka kuzama ulikuwa unaitemea mate ndani, unasugua kioo kwa kidole, eti kisishike ukungu. Nilikusema maisha yangu yote. "Mtu mzima, alhaji, anatemea vyombo vyake!" Ukanijibu, "Maji yananijua kwa mate yangu." Basi mara ya mwisho uliporudi hukuisuuza vizuri, maana umri ulishakuchosha. Ulipokufa niliitoa msumarini nikaona kwenye kona ya kioo pana doa jeupe, limekauka. Nikaelewa ni nini. Sijaiosha. Mashuka yako nimefua, kanzu zako nimegawa, ile miwani sijaigusa na maji. Nimpe mgeni ajaze mate yake juu yako?

Wakaenda. Nilisikia injini kutoka uani. Unajua sauti yake, inakohoa kwanza kisha inakubali. Walirudi jua limeelekea Kongo, wanazungumza wote kwa pamoja, nyuso zimechomwa na jua. Denis alisimama nje ya pazia akasema, "Bibi, tumeona! Samaki wa bluu, wa manjano, wamejaa kama sokoni." Nikamwambia vizuri baba, vaa nguo kavu.

Lilian akataka kunionyesha kwenye simu. Nikakataa. Uliyoyaona wewe kwa macho yako, mimi nikayaone kwenye kijioo cha kiganja?

Walipoondoka kwenda kwenye hoteli yao yenye bwawa, Zuhura akaingia. Akanikuta mkekani na miwani yako mapajani. Akaitazama, akanitazama. Yule mtoto ana akili za upande wetu. Akasema taratibu, "Bibi. Ulitaka kwenda."

Nikamwuliza nani kamwambia. Nilipandisha sauti kabisa. Alichukua ndoo akatoka, nikasikia boti inakohoa tena. Nikasema sasa nimemuudhi na yeye.

Aliporudi kanga yake ilikuwa inachuruzika. Akamimina ndoo ndani ya lile beseni kubwa la pilau, pale uani, taa ikiwaka. Maji ya nyuma ya Bangwe. Chini alikuwa ameweka mchanga, mawe mawili yenye mwani wa kijani, na gamba moja la konokono, tupu. Akasema, "Mwili utabaki uani, Bibi. Tia uso tu."

Maneno yako hayo. Na hakuambiwa na mtu.

Nikafunga mlango wa uani mara mbili. Nikavua ushungi, nikavaa miwani, nikainama. Kioo kikashika ukungu papo hapo, sioni kitu. Zuhura akasema, "Lazima uteme mate, Bibi."

Nilikaa na miwani mikononi. Lile doa lako lilikuwa pale konani. Nikiloweka linaondoka. Nikawaza, nisipoloweka nitabaki na doa na sitaona ulichotaka nione. Nikatema. Mimi, niliyekusema maisha yangu yote! Nikasugua kwa kidole, mate yangu juu ya yako, mpaka sikujua yapi ya nani. Nikasuuza humo humo kwenye beseni. Kisha nikaingiza uso ndani ya maji hayo.

Baba Shabani.

Kumbe kimya kiko hivyo. Jogoo sikumsikia, pikipiki za barabarani sikuzisikia, hata Zuhura. Lile gamba likawa kubwa, mlango wake uko wazi. Nikakumbuka ulivyonisimulia habari za kasamaki kanakoishi ndani ya gamba la konokono, kajike kamesimama mlangoni kanafukuza kila anayepita, hata wewe na mwili wako wote. Ukasema, "Nilipokaona nikajua nimefika nyumbani." Nilikununia siku nzima. Na kila nilipokuuliza unafuata nini huko chini, ukacheka, "Chini kule hakuna wa kunigombeza."

Nikafungua kinywa humo majini nikakuita. Sauti haikwenda. Mapovu yakanipanda mashavuni, mengi, kama mtu ananitekenya. Nikainuka napaliwa, Zuhura ananipiga mgongo, ananiuliza, "Umeona nini, Bibi?" Nikamwambia anyamaze kwanza, bado nasikiliza.

Mume wangu, lala. Ulipo Mungu akupanulie. Eda ikiisha nitaoga, nitavaa ile kanga ya zambarau, nitashuka ufukweni mchana mbele ya wazee wote. Zuhura atavuta kamba. Nitakaa mbele, kama tulivyopatana. Tukifika kwenye miamba nitatema mate, nitatia uso, nami nitakugombeza huko huko chini, kwa mapovu, mpaka useme basi. Utajua ni nani aliyesimama mlangoni.

Mama Shabani wako