Neno Kutoka Dodona

Kwa dada yangu Mirina, Karisto.

Furahi, dada, na wafurahi wote waliolala chini ya dari yako. Natumai mguu wa shemeji Glauko umepata nafuu na kwamba haendi tena kulima kwa ubishi wakati mganga amemkataza. Mimi mwili mzima, ila sauti ndiyo imekauka, na nitakueleza sababu. Barua yako aliniletea yule muuza sufu mwenye maneno mengi. Kabla hajanikabidhi alishanipa habari zote: kwamba mizeituni imezaa, kwamba umegombana na jirani juu ya mbuzi, na kwamba mwanao Filino sasa amekupita kimo na bado unamvuta sikio. Nilicheka sana. Mwandiko niliutambua mara moja kuwa ni wa Filino, maana mistari yake bado inapanda juu kama inakwea mlima.

Nilisoma barua hiyo asubuhi ya sikukuu yenyewe ya maigizo, nimekaa juu ya kapu la mavazi nyuma ya jukwaa, zamu yetu ikikaribia. Unaniomba niende tena Dodona, kuuliza neno la mungu hekaluni kwake. Unasema merikebu za vita zinatayarishwa, Filino anataka kwenda na wenzake, na wewe hutamruhusu wala hutamzuia mpaka mungu aseme. Unasema niende mimi kwa sababu mara ya kwanza mungu alinijibu waziwazi. Kisha umeandika kwamba Eutimo, mwanao mkubwa, alikufa pale alipopangiwa kufa, kwamba hapakuwa na mtu wa kulizuia, na kwamba ni hilo tu linalokuinua kitandani asubuhi. Maneno hayo yamekataa kunitoka kichwani. Nitakujibu, dada, lakini nivumilie. Unanijua, siwezi kufika kisimani bila kupitia kwa majirani wote.

Mwaka huu hatimaye walinipa nafasi ya mwigizaji mkuu. Ulikuwa ukinitania kwamba katika kila mchezo naingia mbio, natangaza nani kafa, natoka. Safari hii nilikuwa mfalme. Mfalme huyo ameambiwa, hata kabla binti yake hajazaliwa, kwamba ndoa ya binti itamaliza ukoo wake. Basi anamweka hekaluni asiolewe. Binti anatoroka na kijana, baba anawafuata msituni na askari, anaona kitu kinatikisa majani, anarusha mkuki. Unaelewa mkuki ulimpata nani. Mwishoni mfalme anasimama juu ya maiti na kuwaambia raia: “Msinitazame mimi. Mkono ulikuwa wangu, lakini aliyerusha ni mungu.” Mtunzi wetu, mzee mkali asiyejua kusifu, aliupenda mstari huo kuliko watoto wake. Tuliukariri majira yote ya baridi. Hata wafua nguo wa pale mtoni walikuwa wakinisalimia kwa mstari huo.

Siku yenyewe mambo yalikwenda vizuri tangu mwanzo. Kilima chote kilijaa watu, hapakuwa na pa kutia mguu, na walikaa kimya kwelikweli. Nikafika kwenye mstari wangu. Nikasema, “Mkono ulikuwa wangu,” basi, mdomo ukafunga. Si kwamba nilisahau. Ningesahau jina langu kwanza. Maneno yalikuwepo, ila niliona kama nikiyasema nitatapika ndani ya kinyago nilichovaa usoni. Mpiga zumari akapuliza, akarudia kupuliza, akanikodolea macho. Kiongozi wa waimbaji, mfinyanzi mmoja mwenye akili za haraka, akaona nimekwama, akaanzisha maombolezo kabla ya wakati wake, na mchezo ukaisha hivyo. Watu walidhani ndivyo ulivyotungwa. Wengine walilia. Lakini waamuzi wa mashindano hawakudanganyika, tukawa wa mwisho, na mtunzi mpaka leo akinikuta njiani anageukia ukuta.

Baadaye nilikwenda kunywa supu ya dengu pamoja na waimbaji. Pale ubishi ulikuwa umepamba moto. Mmoja alisema yule mfalme ni mpumbavu, nani alimwambia abebe mkuki kumfuata mwanawe? Mwenzake akasema hata angelala kitandani akajifunika blanketi, mkuki ungeruka wenyewe ukutani ukaenda kumchoma binti, maana likishasemwa limesemwa. Yule wa kwanza akamjibu kwamba kumbe ndiyo maana haoni haya kulewa, mungu ndiye anayemnywesha. Walicheka mpaka supu ikamwagika. Kisha wakanigeukia, wakaniambia wewe ndiye ulikuwa mfalme, hebu tuamulie, ulikuwa na hiari au hukuwa nayo? Nikaweka bakuli chini nikaenda zangu. Wamenisema kwamba nimeanza kiburi.

Dada, hapa nafika kwenye jambo lenyewe. Kaa chini. Filino, wewe unayesoma, usiruke mstari hata mmoja, na mama yako akikuambia unyamaze, ngoja kidogo kisha uendelee.

Miaka saba iliyopita, kundi letu lilipokuwa likizunguka miji ya kaskazini, ulinipa swali nikalikariri: je, ni heri Eutimo mwana wa Glauko aende na merikebu, au abaki shambani? Nilifika Dodona kweli, hilo sikukudanganya. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Wajumbe wa miji miwili walikuwa wametangulia na ng'ombe wao wa sadaka na haki yao ya kuulizia kwanza, nasi wengine tukabanana chini ya paa la mlinzi tukinuka kama kondoo. Zamu yetu ilipofika, mtumishi wa hekalu alipita akigawa vile vipande vya kuandikia vya risasi, yale madini laini,, akasema siku imekwisha, kila mtu kipande kimoja na swali moja, mwenye la pili arudi mwezi ukiandama. Sisi tulikuwa tunaondoka kesho yake.

Nilianza kuandika jina la Eutimo. Nakuapia kwa kaburi la mama, nilianza. Niliandika herufi tatu. Kisha nikafikiri kwamba nina miaka arobaini na mitatu, kwamba bado naingia mbio na kutoka mbio, na kwamba huenda nisifike tena hapa maishani. Risasi ni laini, dada. Nilizisugua zile herufi kwa kidole gumba zikapotea. Nikaandika: je, Demeas atapewa siku moja nafasi ya mwigizaji mkuu? Nikakikunja, nikaandika jina langu kwa nje, nikampa. Bibi kuhani alikwenda chini ya mwaloni mtakatifu, ambao mungu husema kwa majani yake, akasikiliza, akarudi akasema atapewa.

Hilo ndilo neno nililopewa Dodona. Habari za Eutimo mungu hakuulizwa.

Njiani nilikata shauri kukuambia kwamba sikupata zamu. Lakini ulinipokea langoni na maji ya kunawa na maandazi ya asali, majirani wamejaa uani, akina mama ambao watoto wao wameshajiandikisha wakinitazama mdomo. Kila mtu alikuwa akisema vita vitakwisha kabla ya mavuno. Na mimi, nikuambie ukweli wote, nilikuwa na furaha yangu kifuani, naona dunia nzima imenyooka, nikadhani furaha hiyo inatosha watu wawili. Nikasema, “Mungu amesema aende.” Ukamimina divai chini kushukuru. Hivyo tu. Ilichukua muda mfupi kuliko kufungua viatu.

Nimejaribu kuimaliza barua hapo mara mbili, lakini yapo mengine, na ni mabaya zaidi.

Siku nilipoondoka kwenda kaskazini, Eutimo alinisindikiza mpaka kwenye jiwe la mpaka wa shamba, amenibebea mfuko. Tulipofika akanipa mfuko akasema, “Mjomba, wenzangu wote wanakwenda, mimi siwezi kusema sitaki. Lakini mungu akisema nibaki, hakuna atakayenicheka.” Nikampiga begani nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nililisikia neno lake jinsi mtu anavyosikia habari za mvua, nikaenda.

Niliporudi na kutamka vile pale langoni, watu wote walikuwa wakikutazama wewe. Yeye alikuwa akinitazama mimi. Akangoja kidogo, kama mtu anayedhani bado sijamaliza kusema. Nami nilikuwa na muda wa kutosha, dada, muda wa kusema hapana, nimekosea, nimedanganya. Sikusema. Akasema, “Haya, kama amesema,” akaenda kufunga mzigo wake.

Unawaambia watu kwamba alikwenda kwa furaha, akiimba. Aliimba, nami nilimsikia. Alikuwa na miaka kumi na minane na watu walikuwa wakimtazama. Wale waliorudi walituambia alikufa mateka, kwa kiu, siku ya arobaini tangu akamatwe. Tangu siku hiyo hamna ambacho nimefanya bila kuzihesabu zile siku arobaini.

Siendi Dodona. Hata ukinitumia ng'ombe kumi wa sadaka, siendi. Sikuombi msamaha, kwa sababu najua nimekunyang'anya kile kinachokuinua asubuhi, na sina kingine cha kukupa mahali pake. Nilifikiri nikuachie tu. Nilifikiri nijibu kwamba njia imefungwa kwa theluji, nawe ungeniamini. Lakini Filino yuko mlangoni, na uongo mmoja umeshamla kaka yake. Mungu hakumpeleka mwanao vitani. Nilimpeleka mimi, na yeye hakutaka kwenda. Ukitaka kunilaani nilaani, na shemeji akitaka kusikia, asomewe. Mtu akikuuliza kwa nini sionekani tena Karisto, mwambie kweli.

Nisalimie shemeji Glauko. Nisalimie akina mama wa pale kisimani, na uwape wao pia habari hii, maana baadhi yao niliwapa ujasiri siku ile. Afya iwe nanyi nyote.

Na wewe Filino, mwanangu. Katika barua ya mama yako umeandika kwa mkono wako mwenyewe kwamba Filino anataka kwenda. Kaka yako naye alisema hivyohivyo kila palipokuwa na watu. Sasa hapo hamna watu, yupo mama yako tu. Weka barua hii chini, mshike mkono, umwambie unataka nini.

Mimi mjomba wako, na mdogo wake Mirina,
Demeas