Viungo Vyote Vizima

Msalato,
Dodoma.
Alhamisi, 14 Agosti 2025

Mpendwa binamu Anitha,

Pokea salamu kutoka huku kwenye upepo na vumbi. U hali gani huko Uholanzi? Shemeji na watoto hawajambo? Nasikia kwenu sasa ni majira ya joto, yaani joto lile ambalo sisi tungelivalia sweta. Huku wote wazima. Baba yako, mjomba wangu, nilimwona Jumapili kanisani. Goti limepungua uvimbe, ila yeye anasema bado, ili aendelee kuletewa chai kitini.

Mimi nina afya, ila usingizi sina. Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu badala ya kukutumia sauti kama siku zote. Sauti yangu ndiyo iliyonifikisha hapa nilipo, kwa hiyo nimeipumzisha. Binti yangu Ruthu atazipiga picha kurasa hizi akutumie leo au kesho. Zisome ukiwa umekaa.

Mwezi wa sita kulikuwa na harusi pale mjini, bibi harusi akaletwa ukumbini juu ya farasi. Watu waliacha kula wakatoka nje kutazama. Mgogo akiacha nyama sahanini, ujue jambo ni kubwa. Mimi na mkokoteni wangu wa punda tulikuwa nje tumeleta maji. Nikajiambia, farasi ni nini? Ni punda aliyesoma. Na mimi kwa punda nina miaka ishirini.

Nikaingia kwenye simu. Haikupita wiki nikaona tangazo la farasi wachanga kutoka huko huko kwenu, bei nafuu, wanaletwa mpaka mlangoni. Muuzaji anajiita William. Anaandika Kiswahili, ila Kiswahili chake kinatembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Sikujali. Niliuza punda mmoja nikatuma pesa ya kumshikia farasi asiuziwe mwingine.

Sasa sikiliza kosa langu. Unajua mimi sikukaa darasani. Nilijifunza kusoma kwenye kuta za maduka na magazeti ya kufungia vitumbua, na mtu aliyejifunza hivyo hawezi kusoma kimyakimya. Midomo hutaka kazi yake. Jumatatu nipo bombani nanywesha punda, akina mama wamepanga ndoo, simu ikalia. William ametuma picha ya farasi, na chini yake ameandika. Nikasoma kwa furaha yangu yote:

"Habari mpenzi mteja. Mtoto wa kike mweupe, miezi kumi na minane, mtulivu, anapenda watu. Viungo vyote vizima, vimekaguliwa. Atasafirishwa ndani ya sanduku la mbao. Bei nafuu kwa sababu wewe ni mteja wetu wa kwanza Dodoma."

Picha niliiona mimi peke yangu. Wao walisikia tu. Na neno farasi, binamu, halimo hata mara moja.

Ndoo iliyokuwa chini ya bomba ilijaa ikamwagika, na hakuna aliyeisogeza.

Umekaa huko miaka mingi, lakini hujasahau nchi yako. Mtoto, mweupe, viungo, bei. Maneno manne hayo yakipangwa hivyo, huku kwetu yameshaua watu. Nami niliyapanga vizuri, kwa sauti ya kwaya.

Wa tatu kwenye foleni alikuwa Mwantum, jirani yangu, yule Mrangi wa kutoka Busi anayeuza vitenge. Binti yake Asma ana miaka tisa, naye ana ualbino. Tangu darasa la kwanza huyo mtoto amekuwa akienda shule nyuma ya mkokoteni wangu, na kofia yake pana, akiwafundisha punda wangu kuzidisha. Wa kulia ameshafika sita mara sita. Mwantum aliinua ndoo yake ikiwa nusu akaondoka. Nilimwita, "Mama Asma! Ni farasi!" Hakugeuka. Mwanamume anayeupigia kelele mgongo wa mtu kwamba ni farasi, hata mimi nisingemgeukia.

Kuanzia Jumanne Asma hajaenda shule. Kaka yake Mwantum, Athuman, ameshuka kutoka Kondoa. Anakaa kwenye kizingiti cha mlango na panga, anachonga kijiti. Kijiti kimeshaisha. Anaendelea kuchonga.

Nikipita, akina mama wanavuta watoto wao ndani. Masudi wa bodaboda, ambaye juzi tu nilimpa kamba yangu, ananiambia mbele ya wenzake, "Mzee, mzigo unaingia lini? Tukusaidie kushusha?" Wenzake hawacheki. Hilo ndilo linalonitisha. Utani wa Masudi huwa unachekwa hata ukiwa mbaya. Jana usiku mawe matatu yalitua juu ya bati, na leo punda mmoja amerudi malishoni ana jeraha la panga pajani. Ruthu nimemhamishia kwa shangazi yake wakati wa kulala.

Mwenyekiti wa mtaa, mzee Ernest, aliniita. Akafunga mlango, na mlango ule tangu ajengewe ofisi sijauona ukifungwa. "Meshack, mimi nakuamini," akasema, "lakini mimi ni mmoja. Vijana nimewashika mpaka Jumapili saa tisa mchana, kwenye mkutano. Lete farasi, au lete kitu cha kuonyesha kwamba kuna farasi."

Kwa hiyo nakuomba, binamu. Anwani aliyonipa William nimeiandika nyuma ya ukurasa huu. Ruthu ameitafuta kwenye ramani, anasema kutoka kwako ni saa mbili kwa treni. Nenda. Umwone huyo farasi, umpige picha wewe ukiwa pembeni, sura yako wanaijua hapa.

William ameshaanza kudai pesa nyingine, ya chanjo. Najua unachotaka kusema. Miaka yote nimekuwa nikisoma habari za waliotapeliwa, nikiwacheka kwa sauti. Lakini sitaki kufikiri hivyo sasa. Mwanzo nilitaka farasi wa kupandisha maharusi. Sasa nataka farasi wa kunitolea ushahidi. Kama hayupo, nimebaki mtu mwenye simu iliyojaa mtoto mweupe na sanduku.

Ijumaa jioni

Ruthu bado hajapiga picha, nami nina la kuongeza.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Mwantum. Nilisimama nje ya ua, mikono nimeiacha ionekane, nikapiga hodi. Athuman akainuka. "Sema hapohapo ulipo."

Niliiweka simu chini kwenye mchanga, nikarudi nyuma hatua kumi, kama mtu aliyemwekea chakula mbwa asiyemfahamu. Mwantum akatoka akaiokota. Akasoma yote tangu mwanzo, amesimama, kimya, midomo haichezi. Mwenzangu alisoma shule. Athuman hakuniondolea macho, panga mkononi.

Baadaye akanigeuzia kioo cha simu. "Baba Ruthu, hii picha ya Jumatatu amekuambia kaipiga asubuhi?"

"Ndiyo, Mama Asma."

"Na hii kaipiga mchana wa siku hiyo hiyo?"

"Ndiyo."

"Asubuhi farasi yuko kwenye theluji. Mchana yuko kwenye majani. Mwezi huu huu wa nane." "Hakuna farasi, Baba Ruthu. Hajawahi kuwepo."

Athuman akashusha panga. "Kumbe si muuaji. Ni mjinga tu."

"Athuman, mheshimu mkubwa wako," Mwantum akamwambia. Halafu akaongeza, "Ndiyo, ni mjinga."

Tangu nizaliwe sijatukanwa tusi nikalishukuru namna ile.

Kesho tunakwenda naye polisi kuripoti na kuchukua RB, ile karatasi yenye namba ya taarifa. Na Jumapili amesema atasimama mkutanoni aeleze alichokisoma. Lakini aliniambia na hili, na hili ndilo lililonikaa moyoni: "Nitakusemea kwa sababu nimesoma kwa macho yangu. Ila mtoto hapandi tena mkokoteni wako. Siwezi kuwaeleza watu kila asubuhi." Nikasema sawa. Pazia la dirisha lilicheza kidogo, nikaona ukingo wa kofia. Sikumsalimia, kwa kuogopa asije akaitika.

Basi, binamu, lile ombi la jana ligeuze. Usiende kutafuta farasi. Nenda kwenye anwani ile, ukute ni duka la maua, au nyumba ya bibi kizee, au ukuta, unipigie picha ya mahali pasipo na farasi. Simama mbele yake, uonyeshe kwa mkono kwamba hapana. RB itasema nimeibiwa, lakini haitasema nilikuwa nataka kununua nini, na kuna watu hapa wameshaamua. Wanasema Mwantum nimemtisha, au nimemhonga, na kwamba mtu aliyejisomesha mwenyewe hadanganyiki kirahisi hivyo. Miaka yote nimejitahidi mtaa huu unione mwerevu, na nilifaulu. Jumapili saa tisa nitasimama mbele yao wote niwaombe waamini kwamba mimi ni mjinga, na ninachoogopa, Anitha, ni kwamba hawataamini.

Nisalimie shemeji na watoto, hasa yule mdogo mwenye jina la mama yangu. Baba yako anakusalimu, na shangazi Hana aliyempokea Ruthu. Ila baba yako usimweleze haya mpaka Jumatatu. Akisikia leo atakuja mkutanoni na goti lile lile, na mimi siwezi kukimbia huku nimembeba.

Mungu akutangulie kwenye treni, na huku asimame karibu yangu kuliko watakavyosimama wao.

Ni mimi binamu yako, wako akupendaye na kukutegemea,
Meshack