Nyota Ile Ipo

Chilangala, Newala
Machi 2002

Mpendwa Mjomba Silvano,

Shikamoo. Huku tu wazima, na huko Lulindi naamini hamjambo. Mvua inanyesha, tunakinga maji ya bati, kwa hiyo mama hateremki tena bondeni kuchota maji. Wanunuzi wa korosho walitushushia bei watakavyo, kisha wakaondoka.

Redioni nilisikia wataalamu wamegundua sayari nzito kuliko Mshtarii, inazunguka nyota ya mbali iliyovimba kulizidi jua letu. Nikawafundisha darasa la sita. Wazazi wakalalamika kwamba napotosha watoto kwa mambo yasiyokuwepo, kamati ya shule ikaitisha mkutano. Ladislaus, mchumba wangu, ni mjumbe wa kamati hiyo.

"Mwalimu Oliva, waambie wazazi ulikosea, yaishe," alisema mkutanoni.

"Sikukosea. Sayari hiyo inaivuta nyota yake mpaka inayumba. Ndivyo walivyoigundua."

Akanisogelea, akaninong'oneza: "Ukiendelea kunibishia hadharani, sikuoi."

Nilijibu kwa sauti ili wote wasikie: "Basi usinioe."

Mjomba, nilibaki nimesimama mpaka mkutano ulipovunjika. Jumatatu watoto walikuja darasani wote.

Najua ndoa hii uliipanga wewe, na Ladislaus atakuja kwako kulalamika. Tafadhali usiniombee msamaha. Nikirudi nyuma kwa hili, nitarudi nyuma maisha yangu yote.

Mama anakusalimu. Kitambaa cha gauni la harusi amekikata, ananishonea gauni la kufundishia.

Ni mimi mpwa wako,
Oliva