Meno Kumi na Tano

Kianjokoma, Embu
6 Februari 1955

Kwa Baba mpenzi, Mzee Idrisi,

Assalaam aleikum na shikamoo nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua chako kimetulia na baridi ya Meru imepungua makali. Mimi na mwanangu Sharifa tu wazima wa mwili. Baba yake, Njuki, bado yuko kizuizini. Sijapata neno lake tangu Idi.

Baba, nakuandikia nikiwa na shida. Tangu serikali ituhamishe sote katika kijiji hiki kipya, nyumba zimebanana, tumezungukwa na handaki, na maji tunachota chini ya ulinzi. Homa ya matumbo imeingia. Bwana daktari wa misheni alirudi kwao, akaiacha pikipiki yake ya zamani, ile ya jeshi, yenye kigari cha pembeni. Hapa dispensari ninapofanya kazi ya ukunga, hakuna anayeijua isipokuwa mimi, kwa sababu nililelewa katika gereji yako. Basi Bwana DO, afisa wa wilaya, akanipa kibali nipeleke wagonjwa hospitali ya Embu.

Alhamisi nilimbeba mtoto wa Kiende, jirani yangu, mama yake amempakata ndani ya kigari. Kushuka mtoni tulishuka vizuri. Kupanda ng'ambo, nusu ya kilima, injini ikakata pumzi. Nikaweka gia ya kwanza, ikatetemeka, ikazima. Nikaiwasha tena. Kiende akashuka akasukuma, mtoto kamfunga mgongoni. Hapo cheni ikaruka meno, ikakatika. Tukiwa tumeinama kuitafuta pini kwenye vumbi, Kiende akaniambia, "Rahema, wacha. Hatuendi tena." Nikadhani amekata tamaa. Kumbe alikuwa ameshika mguu wa mtoto, nao umekwisha kupoa.

Cheni nimeiunga kwa waya. Nifanye nini, Baba? Injini imezeeka, au ni mimi sijui kuendesha?

Mwanao,
Rahema


Meru
14 Februari 1955

Kwa binti yangu Rahema,

Waaleikum salaam. Marahaba, mama. Kifua hakijambo, nakohoa asubuhi tu. Mpe Kiende pole zangu. Mungu amrehemu yule malaika.

Nilipoisoma barua yako nilifunga gereji nikaenda kuomba kibali nije. Karani hakuinua hata kichwa. "Hakuna mtu wa kuvuka mto Thuci kuingia Embu mwezi huu, mzee." Nikamwambia ni mwanangu. Akasema kila mtu ana mwanawe.

Sasa nisikilize kama ulivyokuwa ukinisikiliza ukinishikia taa. Kuendesha unajua. Pikipiki ile ilipangwa kwa mtu mmoja anayekimbia barabara kavu, halafu wakaitia kigari bila kuibadilisha. Fungua kile kifuniko cha cheni ya ndani, upande wa kushoto. Utaona sproketi ndogo kwenye injini, lile gurudumu la meno linalovuta cheni. Hesabu meno yake, kisha uhesabu ya gurudumu la nyuma. Meno yakiwa machache mbele, injini huzunguka mara nyingi ili gurudumu lizunguke mara moja. Nguvu inaongezeka, mbio zinapungua. Yakiwa mengi, ni kinyume chake. Huwezi kupata vyote viwili, lazima ujue unataka nini.

Cheni nayo, ishike pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa uivute kuelekea kwako. Ikiinuka mpaka uone mwanga chini yake, imekwisha. Hiyo usiiunge tena.

Nijibu upesi.

Baba yako,
Idrisi


Kianjokoma
21 Februari 1955

Kwa Baba mpenzi,

Shikamoo. Sisi tupo, tunamshukuru Mungu kwa kila hali. Sharifa anakohoa kidogo, si ya kutisha.

Nimehesabu. Mbele ni kumi na tisa, nyuma arobaini na sita. Cheni nimeivuta, na si mwanga tu niliouona, kidole kilipita.

Baba, jambo limekuwa zito zaidi. Wifi yangu Cicily, dada ya Njuki, ana mimba kubwa. Ya kwanza ilimkwama siku mbili, mtoto akatoka mfu. Nimempima kwa mikono yangu. Nyonga yake ni ile ile na mtoto huyu ni mkubwa zaidi. Hapa hawezi kuzaa akaishi. Lazima afike kwa daktari wa kupasua, na njia ni ile ile ya kilima.

Tena kuna hedimani wetu mpya, mkuu wa kijiji, jina lake Njura. Jana alikuja dispensari na homgadi wawili, wale mgambo wa serikali, akaichukua karatasi yangu ya kibali akaisoma polepole.

"Mume wako yuko wapi?" akaniuliza, na anajua.

"Kizuizini, mzee."

"Na wewe unatembea na pikipiki ya serikali."

"Ni ya misheni. Nabeba wagonjwa."

"Wabebe mchana. Jua likizama, saa ya kafyu ikikukuta nje ya lango, mimi sitasema ulikuwa na mgonjwa. Nitasema ulipeleka unga kwa waasi msituni. Na nyumba yako itachomwa."

Akanirudishia karatasi. Baba, hatanii. Ya Njeri wa nyumba ya tatu ilichomwa na vyombo ndani.

Kwa hiyo nataka nguvu ya kupanda na nataka mbio za kurudi, na wewe umeniambia huwezi kupata vyote viwili. Niambie nifanye lipi.

Mwanao,
Rahema


Meru
4 Machi 1955

Kwa binti yangu,

Waaleikum salaam. Sharifa mpe maji ya tangawizi na asali, asilale karibu na moshi.

Mzigo huu anauleta Abubakar, yule muuza nyama rafiki yangu, ana kibali cha kununua ng'ombe hadi Embu. Ndani ya gunia la chumvi utakuta cheni mpya na sproketi mbili. Moja ina meno kumi na tano, nyingine kumi na nane. Nilitafuta kumi na sita na kumi na saba, nikauliza kwa Wahindi wote hapa, nikatuma mtu mpaka Nanyuki. Hakuna. Ile ya kumi na nane nimeitoa kwenye pikipiki ya mteja, nitajua la kumwambia.

Ukiweka kumi na tano, kilima kile utakipanda na watu wawili kwenye kigari, bila wasiwasi. Lakini barabarani itatambaa. Ukiilazimisha kukimbia, injini itapiga kelele kisha itavunjika. Ukiweka kumi na nane utarudi upesi, na kilima labda utakipanda, labda hutakipanda. Mama mjamzito ni mzito na injini imechoka. Sitakudanganya.

Ukishaiweka, cheni ya ndani italegea. Sogeza gearboksi, lile sanduku la gia, nyuma, halafu uvute na gurudumu la nyuma. Acha cheni icheze upana wa kidole gumba, isikazwe kama waya wa nguo.

Umeniuliza ufanye lipi. Nimekaa na sproketi hizi mbili mezani tangu juzi. Mama yako, Mungu amrehemu, angenikasirikia kwa hili, lakini nalisema. Weka kumi na nane. Cicily ana mume wake na ana ndugu zake, na ana bahati yake mbele ya Mungu. Mimi nina wewe tu. Rudi kabla ya kafyu.

Baba yako,
Idrisi


Embu
29 Machi 1955

Kwa Baba mpenzi,

Shikamoo. Najua umengoja. Nafasi ya kuandika barua hii amenipa askari mmoja mwenye huruma, jina lake siliandiki. Niko rumande. Sijaumizwa sana.

Nilipopata mzigo wako niliweka sproketi zote mbili juu ya kitanda, nikamwita Cicily aje. Sikumweleza. Nilimwangalia tu akikaa, anavyoshika ukuta kwanza ndipo ateremke. Usiku ule sikuwa na la kuamua tena. Nikaweka kumi na tano. Nilifanya kama ulivyoagiza, gearboksi nikaisogeza, cheni nikaipa nafasi ya kidole gumba. Nisamehe, Baba, kwa hilo moja sikukutii.

Uchungu ulimshika Ijumaa, baada ya adhuhuri. Nilijua saa zile kwamba kwenda nitawahi, kurudi sitawahi. Sharifa nikamwacha kwa Kiende. Mtoni Cicily alikuwa amefunga macho, anauma leso. Akaniuliza, "Ndipo hapa, pa mtoto wa Kiende?" Nikamwambia ndipo. Baba, pikipiki ilipanda. Ilipanda polepole kama ng'ombe wa kulima, haikusita hata mara moja, na mimi nilikuwa nalia na kucheka, kofia imeniangukia machoni na mkono siwezi kuutoa.

Walimpasua jioni ile ile. Mtoto ni wa kike, yu hai. Na Cicily yu hai.

Muuguzi aliniambia nilale hospitali. Nikawaza Sharifa, nikawaza nyumba kuchomwa naye akiwa karibu, nikashindwa kukaa. Nikaondoka. Barabara tambarare ile, ambayo zamani niliimaliza nikiimba, haikuisha. Jua likazama nikiiona. Nilijaribu kuilazimisha ikaanza kupiga kelele ile uliyoisema, nikaiachia. Darajani homgadi walikuwepo. Njura mwenyewe alikuwepo. Nilimwonyesha damu ya Cicily kwenye kigari. Akasema, "Hii ni ya mbuzi uliyewachinjia watu wa msituni."

Nyumba imechomwa. Sharifa yuko kwa Kiende, salama. Pikipiki wameichukua. Nimehukumiwa kwenda kambi ya wanawake, muda wake hawakuutaja, na sijui ni kambi gani. Tafadhali mchukue mtoto.

Mwanao,
Rahema


Meru
17 Juni 1955

Kwa binti yangu Rahema,

Waaleikum salaam, popote ulipo.

Hii ni barua ya nne. Ya kwanza ilirudi imeandikwa kwa wino mwekundu kwamba hayupo. Mbili hazikurudi na hazikujibiwa. Sasa nimeandika hii mara tatu, maneno yale yale, nazituma kambi tatu. Moja itakukuta, au hakuna itakayokukuta.

Abubakar alimleta Sharifa mwezi wa nne, amemficha katikati ya ngozi za ng'ombe kwa sababu mtoto hakuwa na karatasi. Alifika ananuka, ana njaa, hasemi. Sasa anasema. Anamgombeza kuku wangu kwa Kiembu, na akishindwa anatumia Kiswahili.

Nilikukasirikia, mama. Nisikufiche. Wiki nzima sikufungua gereji. Nilisema ningetuma kumi na nane peke yake usingekuwa na la kuchagua. Nilizunguka na neno hilo mchana na usiku.

Halafu Jumapili iliyopita alikuja Cicily. Alipewa kibali cha kuja kuuza ndizi katika soko la Mitunguu, akapita huku. Kidonda chake bado hakijakauka vizuri, anatembea ameinama upande. Akanipa mtoto nimshike. Nikamshika. Nikamwambia, "Mimi nilimwambia asikupeleke." Sikuweza kulinyamazia. Akasema, "Najua, Baba. Aliniambia njiani, tulipokwisha panda." Akaosha nguo za Sharifa, akapika uji, akaondoka kabla kibali hakijaisha.

Naenda ofisini kila Jumatatu kuuliza jina lako. Karani ni yule yule. Siku hizi akiniona mlangoni anatikisa kichwa kabla sijasema.

Andika, Rahema. Hata neno moja.

Baba yako,
Idrisi


2 Desemba 1955

Baba mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imenifikia wiki hii, wakaguzi wameikata sehemu lakini habari ya Sharifa waliiacha. Tunaruhusiwa mistari michache tu na jina la kambi hatuandiki. Nipo hai. Mchana tunavunja mawe, usiku nawazalisha wenzangu humu. Usimkasirikie Cicily, wala usijikasirikie. Mwambie Sharifa ninakuja. Usimwambie lini.

Mwanao,
Rahema