Mahamri ya Faraji

Alhamisi, usiku

Tafadhali, yeyote utakayelifungua daftari hili, usitoe nje hata neno moja. Faraji akijua naandika habari zake...

Nimevunja uchumba naye wiki hii, na leo amekuja ofisini na mahamri ya watu wote. Ndivyo alivyozoea kila akiniumiza. Wenzangu wakishakula cha kwake, mimi ndiye huonekana mkorofi, na jioni mimi ndiye huomba radhi.

Nikasema nimeshiba.

"Kataa mtu, mwanangu, usikatae mahamri," akasema Bi Zuhura, mkuu wetu, mdomo umejaa.

Faraji akacheka naye, kisha akaniinamia mezani akaninong'oneza, "Kichwa chako kibovu. Bila mimi watakufukuza hapa."

Nikamwambia, "Sema kwa sauti, Bi Zuhura naye asikie."

Akainuka, akasema ni utani tu, akaenda zake.

Bi Zuhura akaliweka hamri lake chini. "Amekwambia nini?"

Nikamweleza yote, na sikumwomba mtu radhi.

Bado naogopa. Lakini usiku huu najivunia nilichofanya kuliko ninavyoogopa, na sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Ukiliokota daftari hili, usimpe Faraji. Niletee kwa dada yangu Kadzo, kijijini Jilore, ninakolala siku hizi. Pitia mlango wa nyuma, na utaje jina lako kabla ya kubisha, maana hodi bado zanishtua. Nitafungua mwenyewe.