Ugali wa Watu Ishirini

Jumapili, 11 Januari

Uji wa wimbi, vikombe viwili. Cha pili nimekunywa nimesimama, koti limeshavaliwa. Nje baridi ya kukata masikio. Kazini, kwenye nyumba ya wazee, yule bibi wa chumba cha mwisho hakutaka kuogeshwa akiwa na njaa, na alipokwisha shiba akasinzia. Nampenda hivyo hivyo.

Kurudi nyumbani, grupu ya simu imejaa ujumbe. Bomba limepasuka kwa Mama Wanja kule mjini Columbia. Baridi imeligandisha, sakafu yote ya chini ni maji. Na mlo wa Januari ulikuwa kwake. Kila mwezi tunakula pamoja Jumamosi moja, familia sita, Wakenya na Watanzania, la sivyo baridi hii tungejifungia ndani mpaka Aprili. Sasa inatafutwa nyumba. Mama Wanja ndiye mwenyekiti, ingawa sikumbuki nani alimpigia kura. Ameandika: "Mama Imani, nyumba yako hapo Takoma Park ina nafasi. Wewe toa nyumba tu, chakula tutakuja nacho."

Hilo "tu" limenichoma. Nimejibu kwamba nyumba ipo, tarehe 31, na chakula nitapika mimi. Chote. Hata ugali. Nimetuma kabla woga haujanifikia.

Baada ya saa nzima mtu akatuma picha ya keki.

Jumatatu, 12 Januari

Niandike hili mara moja liishe.

Miaka tisa iliyopita, baridi yangu ya kwanza hapa ugenini. Nilipangiwa ugali. Mimi ni wa Kakamega, kwetu bila ugali hujala, nani mwingine angepangiwa? Dukani nikaona pakiti ya manjano yenye picha ya mahindi, nikachukua nne. Unga ni unga. Sikujua kwamba hapa kuna unga wa mahindi wa kuokea, umeshachanganywa na chumvi na dawa ya kuumua. Maji yakachemka, nikaanza kusonga. Ugali ukaanza kupumua. Ukapanda, ukainua mfuniko. Nilipoupakua ulikuwa na matundu kama sifongo na chumvi ya kukausha ulimi. Mama Wanja akaukata kwa kisu, akauliza chai iko wapi. Watu walicheka wakashika mbavu. Mimi pia nilicheka. Halafu nikaenda chooni nikalia, maji nimeyafungulia wasinisikie.

Tangu siku hiyo mimi ni Mama Keki. Tangu siku hiyo kila orodha inasema: Mama Keki, soda na sahani za karatasi. Mama Wanja huniita Mama Imani akiwa na shida tu. Zamu yangu ya kukaribisha huwekwa Julai ili wanaume wachome nyama. Miaka tisa ya soda. Sanduku langu la barafu, la kupozea soda, ni kubwa kuliko la mtu yeyote.

Sina kinyongo.

Nina kinyongo.

Jumatano, 14 Januari

Mama Wanja amepiga simu wakati wangu wa chakula cha mchana. Ameanza na bomba, akaenda kwa watu wa bima, akarudi kwa bomba, kisha akafika alikokuwa anakwenda tangu mwanzo. Angeweza kuja na kapilau kadogo. Watoto wanapenda pilau. Nikamwambia watoto watakula kuku. Akasema basi chapati chache. Nikamwambia sharti ni moja: asiingie mtu kwangu na sufuria.

Amekubali haraka mno. Sijapenda.

Jumamosi, 17 Januari

Jaribio la kwanza. Limeshindikana.

Sufuria kubwa, ile ya kuchemshia mahindi. Unga mweupe, wa duka la Waafrika, nimeisoma pakiti mbele na nyuma: mahindi, basi. Kwa hiyo kosa la mwaka ule halipo. Yapo mapya. Jiko langu ni la kioo, la umeme. Linachoma katikati tu, pembeni baridi. Na sufuria inateleza. Nikisukuma mwiko, sufuria nayo inasafiri. Nyumbani ningeibana kwa miguu. Hapa jiko liko usawa wa tumbo.

Madonge. Katikati umeungua, pembeni mbichi. Baba Imani ameula bila kusema neno, na huyo ni mtu ambaye hutoa maoni hata kuhusu maji. Imani, miaka kumi na minne, ameniuliza kwa Kiingereza chake kwa nini nisiagize piza. Nimemtuma akaoshe sufuria.

Nimekasirika. Zimebaki wiki mbili.

Jumatano, 21 Januari

Nimepata dawa yake, tena nikiwa sitafuti. Nilishuka chumba cha chini kutoa nguo kwenye mashine, nikaligonga sanduku la barafu kwa goti. Nikabaki nalitazama. Kinachozuia joto lisiingie kinazuia pia lisitoke.

Basi si lazima usongwe ugali mmoja wa watu ishirini. Unasongwa wa watu saba, mara tatu, kwenye sufuria ya kawaida. Ukiiva unafungwa kwa kitambaa safi, unalazwa ndani, mfuniko unafungwa. Leo nimeusonga mmoja kwa majaribio. Imani ameshika masikio ya sufuria kwa glavu za oveni, amejiegemeza kwa nyuma kama anayevuta mbuzi, na sufuria haikusafiri. Baada ya saa mbili tumefungua. Moto. Laini. Umeshikana. Nimeruka jikoni peke yangu, na mtoto amenirekodi kwa simu. Nimemkataza kutuma.

Jioni Bi Rehema, naye wa mlo wetu, kapiga kutoka Springfield. Ni mtu wa Tanga, ananitania tangu tujuane, na nikimsikia tu nafurahi. Nikamwambia kuku nitanunua kwa mchinjaji Mwislamu, asiwe na wasiwasi. Akasema, "Bibie, mimi naleta tumbo tu." Angalau mmoja ananiamini.

Jumapili, 25 Januari

Baada ya ibada nimeteremka ukumbini kuchukua chai. Mama Wanja alikuwa amesimama na wanawake wawili wa mlo wetu. Nilipoingia wakanyamaza. Kisha mmoja akasifu kofia yangu. Kofia hii nimeivaa miaka minne.

Nimerudi nyumbani na moyo mzito. Wanapanga kitu. Au wanacheka tu. Sijui lipi ni baya zaidi. Baba Imani anasema naona mambo ambayo hayapo. Nimemuuliza aliona nini yeye siku ile ya keki, akakumbuka kwamba kuna balbu ya kubadilisha.

Nimepika maharagwe ya nazi na wali, tumekula tukiwa na blanketi miguuni. Nikapata nafuu.

Jumatano, 28 Januari

Theluji tangu asubuhi. Shule zimefungwa. Nimeshinda dirishani nikiomba iendelee mpaka Jumamosi, barabara zizibe, mlo uahirishwe na isiwe kosa langu. Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu: nimeomba kabisa, kwa maneno.

Saa tisa theluji ikakata. Mama Wanja ameandika kwenye grupu: "Jumamosi iko palepale, hatuogopi barafu."

Ijumaa, 30 Januari

Kuku watano, wale wagumu wa kuchemshwa muda mrefu. Nyumba nzima inanukia tangawizi na kitunguu mpaka ndani ya makoti. Sukuma kilo nyingi, Imani amekata. Anakata majani mapana mno lakini nimemwacha. Tumeongea sana leo, mimi kwa Kiswahili, yeye kwa Kiingereza, hakuna aliyepungukiwa. Aliniuliza kama kweli nililia chooni. Baba yake kamwambia, kumbe alijua miaka yote.

Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza sasa wakicheka tena?

Nilimpa shingo ya kuku alambe.

Jumamosi, 31 Januari

Naandika nikiwa na miguu juu ya kiti.

Saa nne nimeanza kusonga. Wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu mwiko umevunjika katikati ya kazi. Nimemalizia na kipande kilichobaki, vidole vikiwaka, Imani akivuta masikio ya sufuria na kucheka mpaka nikacheka. Ukakubali. Ukaingia sandukuni na wenzake.

Saa saba wamefika. Viatu vikawa mlima mlangoni, makoti yakajaa kitanda chetu. Mikono mitupu wote, kama walivyoahidi. Mama Wanja amepita moja kwa moja mpaka jikoni, akatazama jiko, akatazama sufuria, hakuona ugali. Nikaona uso wake umepata amani fulani ambayo sikuipenda. Ndipo nikavuta sanduku la barafu katikati ya sebule. Mtu akasema, "Haya, soda zimefika." Nikafungua. Mvuke ukapanda.

Nimepakua. Mama Wanja amemega kidogo, akafinya kwa kidole gumba kama anayekagua tunda sokoni. Akachovya. Akatia mdomoni. Akamega tena, kubwa zaidi.

Hakuna aliyenisifu. Hakuna aliyesema lolote kuhusu chakula. Bi Rehema aliomba mchuzi, akaomba tena. Wanaume wakaanza hadithi ya bomba la Mama Wanja na mume wake aliyejaribu kuliziba kwa taulo. Watoto wakashuka chumba cha chini na sahani zao. Mtu akagombania mguu wa kuku na mtu mwingine. Saa tisa nikaleta chai ya tangawizi na maandazi, na ule ugali wa tatu ulikuwa umebaki kitambaa. Nilitaka kusikia neno moja tu. Halikuja. Nikajiambia basi, hawakucheka, inatosha.

Saa kumi na moja wakaanza kuondoka kabla barabara hazijaganda. Gari la Mama Wanja likakwama pale mbele, gurudumu linazunguka tu. Baba Imani akauliza kama ana mchanga wa kumwagia chini. Akajibu upo kwenye buti la gari, chukua. Hapohapo nikamwona anajuta. Lakini Baba Imani alishafungua.

Mchanga ulikuwepo. Juu yake sufuria kubwa, imefungwa kwa shuka. Baba Imani akafunua. Pilau. Imeganda, punje zinang'aa.

Mimi niko barazani, nimevaa ndara, baridi inapanda miguuni. Bi Rehema alikuwa gari la nyuma. Akateremka bila kuambiwa, akafungua buti lake. Chapati, zimefungwa kwa karatasi ya alumini, rundo la kutosha kijiji. Zimekuwa ngumu kama vigae. "Na mimi pia, bibie," akasema. "Nisamehe." Yule aliyesifu kofia yangu kanisani akatazama ardhi, na sikuhitaji kufungua buti lake.

Nilikasirika. Tena sana. Bi Rehema ndiye aliyeniuma zaidi. Nikawauliza walikubaliana lini. Mama Wanja akasema tangu wiki ile ya simu. Kwamba ugali ukiharibika watatoka mmoja mmoja kama wanaokwenda kuchukua kitu, warudi na akiba, watoto wasilale njaa na mimi nisiaibike.

"Na mbona hamkuitoa hata kwa chai?" nikauliza.

Mama Wanja akatazama ile sufuria kama iliyowekwa na mtu mwingine.

"Haki, Mama Keki," akasema, "tulisahau."

Bi Rehema ndiye aliyeanza kucheka. Kisha mimi. Nilicheka mpaka nikakaa juu ya ngazi yenye barafu, na safari hii sikuwa na haja ya kwenda popote kulia. Mama Wanja akaniachia pilau yake tule, kwa kuwa kwake hakuna jikoni mpaka mafundi wamalize; hii aliipikia kwa jirani. Baba Imani akamwaga mchanga. Gari likatoka.

Jumapili, 1 Februari

Nimelala mpaka saa tatu. Mgongo unauma. Nyumba bado ina harufu ya kuku.

Pilau imeyeyuka. Tumekula mchana, watatu, mezani. Tamu. Nimetafuta kasoro sikuipata, labda bizari ya pilau imezidi kidogo.

Orodha ya Februari imetoka. Mama Keki: ugali na soda. Soda wameniachia, na sanduku ni moja. Itabidi ninunue la pili.

Sufuria ya Mama Wanja nimeisugua ikang'aa. Siwezi kumrudishia tupu, mama yangu angeniuliza nimelelewa wapi. Mchana nimetembea polepole juu ya barafu mpaka dukani, nikasimama mbele ya zile pakiti za manjano. Miaka tisa nazipita bila kuziangalia. Nimenunua moja. Nimetia mayai, maziwa, sukari, siagi. Imani amesoma maelezo nyuma ya pakiti na kunipimia.

Keki iko ndani ya oveni sasa. Nimechungulia. Inapanda vizuri.